MTO NI WA UMMA. NA NJIA JE?

Wananchi wenzetu wa Machakos,

Katiba tuliyoipitisha kwa kura zetu mwezi wa Agosti 2010 yatamka wazi, katika Kifungu cha 62, kwamba mito na maziwa ni ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa imewekewa mali hiyo amana tu. Wenyewe ni raia. Kwa hiyo Mto Athi, upitao Mavoko na chini ya Ol Donyo Sabuk, hata ukaingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki, hauna tajiri. Wala bwawa la Masinga, lililokamilika katika Mto Tana mwaka 1981, halina.

Lakini twauliza: mvuvi wa perege na kambare ataufikishaje mtumbwi wake majini, ikiwa shamba la ukingoni limezungushiwa seng'enge na lango lake lina kufuli? Haki isiyo na njia ni kisima kisicho na kamba.

Hali hii si ngeni. Mwaka 1905 walowezi walileta samaki aitwaye trauti katika mito ya Aberdare, na uvuvi wake ukawa mchezo wa mabwana wenye leseni. Mabwana wale walikwisha kwenda zao. Mbona ukingo wa mto ungali na mabwana?

Hatumwonei kijicho mwenye shamba. Hati yake twaiheshimu. Sheria yenyewe imekwisha kuipima haki yake na yetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yairuhusu serikali ya kaunti, chama, au kikundi chochote cha watu kuiomba Tume ya Taifa ya Ardhi itenge njia ya jamii katika ardhi ya mtu binafsi, naye mwenye ardhi alipwe fidia.

Basi wavuvi wa Masinga, wafugaji wa Yatta, na akina mama wateka maji: ketini pamoja, andikeni ombi, litieni sahihi. Nayo serikali ya kaunti isingoje kusukumwa.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi walidhani mageuzi yamekamilika kwa kuruhusiwa vyama vingi. Sisi twasema yatakamilika siku mama wa kijijini atakapoteka maji ya mto wake bila kumbembeleza bawabu.