Steringi Si Picha Nzima

Katika shule yetu kuna imani moja ambayo haikuandikwa katika sheria zozote, lakini kila mwanafunzi huipokea mara tu afikapo Kidato cha Kwanza. Imani hiyo ni kwamba picha ya sinema ni steringi. Steringi hafi. Steringi ana sura nzuri. Steringi ndiye anayeulizwa habari zake kabla picha haijaanza. Wengine wote, yaani wazee, askari, wapishi, makarani na maadui, ni maji ya kuongeza mchuzi.

Mimi siikubali imani hiyo, na wenzangu wa kikundi cha maigizo wanajua kwamba siikubali, maana tumebishana sana. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu yangu kwa kutumia habari za mtu mmoja, Mwingereza, ambaye karibu maisha yake yote ya sinema hakuwa steringi. Jina lake ni Pete Postlethwaite. Wengi mmekwisha kumwona bila ya kujua jina lake, na hiyo ndiyo ilivyo kazi ya watu wa namna yake.

Alizaliwa mwaka 1946 Warrington, mji wa viwanda ulio kati ya Liverpool na Manchester, katika nyumba ya watu wa kazi, Wakatoliki. Alisomea ualimu, akafundisha maigizo katika shule ya wasichana, kisha akaiacha kazi hiyo yenye mshahara wa uhakika akaenda Bristol kujifunza uigizaji wenyewe. (Wazazi wetu wasomapo gazeti hili nawaomba wasishtuke; simshauri mtu yeyote kuacha ualimu.) Alipoanza kazi, wenzake walimshauri abadilishe jina. Walimtania kwamba jina refu kama lile haliwezi kuandikwa kwa taa mbele ya jumba la michezo, kwa sababu umeme wake ungekuwa ghali mno. Alikataa. Jina likabaki, na sura ikabaki vile vile: mifupa ya mashavu imechomoza, pua kubwa, macho yamezama ndani. Hakuna mtu angemchagua awe kijana anayempokonya adui mchumba wake.

Katika miaka ya 1970 alicheza katika jumba la Everyman, Liverpool, pamoja na vijana wengine ambao baadaye walisifika sana, kama Julie Walters, Jonathan Pryce na Bill Nighy. Haikuwa kazi ya utajiri. Lakini huko ndiko mtu alikojifunza kuwa mzee leo, mlevi kesho, na mfalme wiki ijayo, mbele ya watu wanaokaa karibu kiasi cha kuona kama anadanganya.

Sasa nifike kwenye picha ambayo naitegemea zaidi katika hoja yangu, nayo ni In the Name of the Father ya mwaka 1993. Habari yake ni ya kweli. Mwaka 1974 mabomu yalilipuka katika vilabu vya pombe huko Guildford, Uingereza, yakaua watu. Kijana mmoja wa Belfast, Gerry Conlon, alikamatwa na wenzake, wakafungwa kwa kosa wasilolitenda. Baba yake, Giuseppe, mtu mgonjwa wa kifua, alisafiri kwenda London kumtafutia mwanawe msaada. Naye akakamatwa, akafungwa, na mwaka 1980 akafa akiwa bado mfungwa. Mwana aliachiliwa mwaka 1989. Jina la baba lilisafishwa mwaka 1991, yeye mwenyewe akiwa kaburini.

Steringi wa picha hiyo ni Daniel Day-Lewis, na hapana shaka ni fundi mkubwa. Anapiga kelele, anakimbia, analia, anapigwa. Postlethwaite ndiye baba. Anafanya nini? Anakaa kitandani. Anasali. Anapumua kwa shida. Anamwambia mwanawe maneno machache kwa sauti ya mtu aliyechoka. Lakini jaribuni kumwondoa mzee yule muone kitakachobaki. Atabaki kijana mkorofi aliyeonewa, nasi tutamhurumia kama tunavyomhurumia mtu yeyote aliyeonewa, kisha tutakwenda kulala. Kinachotuumiza ni kumwona mtoto anayemwonea baba yake haya kwa upole wake, halafu taratibu anatambua kwamba upole ule ndio uliokuwa nguvu. Mzee anapofariki, wafungwa wanawasha karatasi na kuzitupa madirishani, usiku ukajaa moto mdogo mdogo unaoanguka. Machozi ya saa ile yametengenezwa na yule asiyekuwa steringi.

Na jambo hili hunishangaza kila nilifikiriapo: Postlethwaite alimzidi Day-Lewis miaka 11 tu! Mmoja alizaliwa mwaka 1946 na mwingine mwaka 1957. Wangeweza kuwa kaka na mdogo wake. Lakini ukitazama huna shaka hata kidogo kwamba huyu amemzaa yule.

Rafiki yangu mmoja alinipinga akasema kwamba picha hiyo inadanganya, maana baba na mwana hawakukaa chumba kimoja gerezani kama inavyoonyeshwa. Ni kweli, na naona watengenezaji walipaswa kuwa waangalifu zaidi na habari ya watu walioteseka kikweli. Lakini hilo ni la watengenezaji. Mwigizaji hulipwa kutufanya tumwamini mzee aliyepewa, na tulimwamini.

Kwa kazi ile aliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar mwaka 1994, katika fungu la waigizaji wasaidizi. Hakuipata, aliipata Tommy Lee Jones. Baadaye Steven Spielberg alimtumia katika picha mbili za mwaka 1997, Amistad na ile ya mijusi wakubwa, The Lost World, akamsifu kwamba ndiye mwigizaji bora kuliko wote duniani. Postlethwaite alijibu kwa mzaha kwamba bila shaka Spielberg alisema kuwa yeye, Postlethwaite, ndiye anayejidhania bora kuliko wote. Kuhusu ile ya mijusi sina mengi. Yeye ni mwindaji, anafanya vizuri, lakini ni vigumu kushindana na mjusi wa ukubwa ule.

Afadhali mtazame Brassed Off ya mwaka 1996. Humo ni Danny, mzee wa mgodi wa makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wachimbaji. Mgodi unafungwa, watu wanapoteza kazi, na mapafu yake yamejaa vumbi la makaa. Yeye haoni lolote ila muziki, mpaka akasirisha. Mwishowe bendi inashinda London, naye anasimama mbele ya umati na kukataa kombe, akisema kwamba muziki ni mdogo kuliko watu. Matarumbeta mnayoyasikia yalipigwa na bendi ya kweli ya Grimethorpe, ambayo mgodi wake ulifungwa mwaka 1993. Hapo, nakiri, amekaribia sana kuwa steringi, wala sura yake haikumzuia.

Alifika hata upande wetu huu wa dunia. The Constant Gardener ya mwaka 2005 ilipigwa kwa sehemu kubwa Kenya, Kibera na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Yeye hatokei mpaka karibu na mwisho, naye ni daktari aliyehusika na dawa zilizojaribiwa kwa maskini, sasa amejificha jangwani akitibu watu. Je, ni mwovu au anatubu? Kwa dakika zile chache anatuacha tukiuliza. Adui wa kawaida wa sinema zetu hatuachi tukiuliza kitu, isipokuwa lini atapigwa.

Mwaka 2008 alirudi Liverpool, katika jumba lile lile la Everyman, akacheza King Lear wa Shakespeare. Wapinzani wangu watadakia: "Umeona! Mwishowe hata yeye alitaka kuwa steringi." Sawa. Lakini Lear ni mzee aliyechanganyikiwa, amelowa mvua. Nadhani miaka 30 ya kucheza baba za watu ndiyo iliyomfikisha hapo. Alifariki Januari 2, mwaka 2011, kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 64.

Basi nije nyumbani. Katika mchezo wetu wa muhula uliopita, nafasi ya kwanza alipewa mwenye sura na kimo, kama kawaida. Nafasi ya baba wa bibi arusi, ambayo ndiyo iliyobeba fumbo lote la mchezo, ilitupwa kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza siku nne kabla, kwa sababu wakubwa wote waliona ni aibu kuvaa mvi za pamba. Mtoto yule alijitahidi, masikini, lakini ndevu zilimwanguka na bwalo zima likacheka mahali palipotakiwa kilio. Walilaumu gundi.

Muhula ujao tunateua tena wachezaji. Mimi nitakuwa nimebakiza miezi michache hapa shuleni, nami nimekwisha kuandikisha jina langu. Naomba viongozi wa kikundi wateue kwanza mzee, mlinzi na mama mkwe, kwa kushindanisha watu jukwaani, na kila kidato kiruhusiwe. Wakishapatikana hao, ndipo watafutiwe steringi. Nami nagombea mlinzi.