Mashine ya mapengo haijafika Mbulu

Jamani, leo nina ugomvi na mashine.

Vijana wengi wenye digrii siku hizi, Arusha na Dar, wanaishi kwa SEO, yaani kuipandisha tovuti ya mteja ionekane juu kwenye Google. Sina neno na riziki ya mtu. Ninachogombana nacho ni kile wanachokiita uchambuzi wa mapengo, hasa ule unaofanywa na programu peke yake kwa wateja kumi au ishirini kwa mpigo. Unaipa programu tovuti ya mteja na tovuti tatu za washindani wake. Inachota kutoka Ahrefs au Semrush maneno yanayowaletea washindani wasomaji, inaondoa yale ambayo mteja anayo tayari, inapanga yaliyobaki kwa idadi ya utafutaji kwa mwezi, ripoti inakwenda. Kazi ya siku mbili inaisha kabla chai haijapoa. Siku hizi hata makala zenyewe zinaandikwa na mashine.

Sasa tazameni ujanja wake. Kwa mashine hii, pengo ni kitu ambacho jirani yako anacho. Ambacho hakijaandikwa na yeyote si pengo, hakipo kabisa! Na kama wateja wako wote ni kampuni za safari za Arusha, kila mmoja ni mshindani wa mwenzake. Unamuuzia Juma mawazo ya Ali, unamuuzia Ali mawazo ya Juma, na wote wawili wanakulipa.

Matokeo yake yako wazi. Ukisoma kurasa za utalii kuhusu Manyara utaambiwa Mlima Hanang una mita 3,420 na Wahadzabe ni wawindaji wa Ziwa Eyasi: upinde, asali, picha, twende zetu. Ya kumi na moja itasema kama ile ya kumi. Kwamba Bonde la Yaeda liko Mbulu, na kwamba mwaka 2011 Wahadzabe wa huko walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, ripoti haina habari.

Wala haina habari za Basotu. Huko Hanang, miaka ya 1970, NAFCO ilianza kulima ngano kwa msaada wa Canada hadi mashamba yakafika ekari 100,000 hivi, yakimeza malisho ya Wabarbaig pamoja na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawanyang'anya. Wanasheria wa ardhi wanaijua kesi hiyo vizuri. Kwenye safu ya idadi ya utafutaji, iandikie sifuri.

Mtaniambia mteja anauza safari, hauzi historia. Haya, tuache historia. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, matope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Zile namba za utafutaji ni hesabu ya miezi iliyopita; ni mashine gani ingemwambia mtu tarehe 2 kwamba kuna haja ya kuandika juu ya kuishi chini ya mlima ule? Na mkulima wa Gendabi mwenye swali lake halipeleki kwa Kiingereza. Anamuuliza jirani, anapiga simu redioni, anamtumia mjomba ujumbe wa sauti, nusu Kiswahili nusu Kiiraqw. Hakuna programu inayomhesabu huyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tabia hii imeanza kuingia vyumba vya habari. Mwandishi anapendekeza habari ya maji Yaeda Chini, anaulizwa inatafutwa mara ngapi kwa mwezi. Hilo ni swali la muuza matangazo, limekaa kwenye kiti cha mhariri.

Enyi mabingwa wa SEO, mashine yenu bakini nayo, ihesabu mpaka ichoke. Ila kwenye ile ripoti ya wateja ishirini ongezeni safu moja ya maswali ambayo hakuna tovuti iliyoyajibu, na ya kuijaza safu hiyo tumeni mtu. Apande basi la Haydom, akae mnadani Katesh siku nzima, asikilize watu wanauliza nini. Nauli mwekeeni mteja kwenye ankara, kama mnavyomwekea ada ya Semrush.