Huu siyo uchawi, ni uzembe

Nawaandikia kutoka Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi. Leo siandiki habari za migebuka wala dagaa. Nataka tuongee kuhusu kitu kinaitwa fayawoli.

Makao makuu ya mkoa wetu wa Rukwa ni Sumbawanga, jina ambalo kwa Kifipa lina maana ya "tupa uchawi". Mimi naona kuna uchawi mmoja bado hatujautupa: ule wa kuamini kwamba kompyuta za ofisi zikivamiwa, basi kuna jini wa ng'ambo kafanya mazingaombwe. Hakuna jini, jamani. Mara nyingi tundu lilikuwa linajulikana, na dawa yake ilishatolewa.

Fayawoli ni mlinzi wa getini wa mtandao wa ofisi. Inaamua nani aingie, nani atoke. Sasa fikiria mlinzi ambaye mgeni asiyemjua akimuuliza swali kwa ujanja kidogo, anajibu: bosi analala chumba cha kushoto, ufunguo uko chini ya zulia. Ndivyo udhaifu wa aina hii unavyofanya kazi. Mvamizi havunji ukuta. Anauliza tu, na ukuta wenyewe unamwambia.

Mnadhani natia chumvi? Chukueni mfano wa FortiGate, fayawoli za kampuni ya Marekani, Fortinet. Zilikuwa na tundu kwenye VPN, ile njia ya kumwezesha mfanyakazi kuingia mtandao wa ofisi akiwa mbali. Mtu wa nje, bila nywila yoyote, aliweza kutuma ombi lililopindishwa kidogo na kusoma faili lenye majina na nywila za watumiaji. Rekebisho lilitolewa mwaka 2019. Septemba 2021, nywila za vifaa 87,000 hivi zikamwagwa hadharani! Wenye vifaa hivyo walikuwa hawajaweka rekebisho pale walipochunguzwa, na hata walioliweka baadaye, kama hawakubadilisha nywila, walibaki hatarini. Unabadilisha kitasa, halafu ufunguo wa mlango wa ndani unaacha uleule aliokwisha kuuchonga mwizi.

Januari 2025 ikaja nyingine. Mipangilio ya fayawoli zaidi ya 15,000 za kampuni hiyohiyo ilitolewa bure mtandaoni, ikiwa imeibwa tangu 2022. Ramani ya nyumba haiozi haraka. Septemba 2025 SonicWall nao wakatangaza kwamba nakala za mipangilio ya fayawoli za wateja zimechukuliwa. Mwanzo walisema ni chini ya asilimia 5 ya wateja. Mwezi uliofuata wakakiri ni wote waliotumia huduma yao ya kuhifadhi nakala hizo.

"Sasa Kirando inahusika vipi?" Mtu wa hapa akienda kutibiwa, akisajili laini kwa alama za vidole, akilipa ushuru kwa kumbukumbu namba, taarifa zake zinasafiri kwenda kukaa kwenye kompyuta ambazo hatazitia machoni maisha yake yote. Hajui geti lake liko wapi, wala mlinzi ni nani. Lakini zikivuja, anayepigiwa simu na tapeli anayelijua jina lake kamili ni yeye.

Wengine husema sisi ni wadogo, nani atatutafuta huku? Hoja hiyo siikubali. Wavamizi hawachagui miji kwenye ramani. Wana programu zinazogonga kila geti la intaneti duniani, usiku na mchana, zikitafuta tundu lilelile. Kwao halmashauri ya pembezoni na benki ya London ni namba tu.

Tatizo letu, kwa maoni yangu, ni la manunuzi. Tunanunua kifaa, tunapiga picha siku ya uzinduzi, halafu tunakisahau. Mkataba wa masasisho ukiisha, hakuna fungu. Fayawoli isiyosasishwa ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kila mtu ndani amelala akijua kuna mlinzi.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa zetu azilinde. Basi tuanze kuuliza maswali matatu kwa kila ofisi: fayawoli yenu ilisasishwa lini? Ukurasa wa kuisimamia unaonekana kutoka intaneti? Na mkivuja, mtatuambia, au tutasikia kwa tapeli?

Vijana wa IT mlioko maofisini, najua mnaandika barua za kuomba fedha na hazijibiwi. Ziandikeni tena, na mbaki na nakala.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?