Tusimuenzi Willie Kimani kwa Picha Tu



Kila Juni picha ya wakili Willie Kimani hurudi kwenye simu zetu. Tunaandika "pumzika kwa amani", tunaendelea na shughuli. Mimi nasema bado hatujamuenzi.

Kumbuka alikufa akifanya nini. Haikuwa kesi ya mabilioni. Mteja wake, Josephat Mwenda, alikuwa mtu wa boda, kama nyinyi mlio stejini hapa Soin. Mwaka 2015 alipigwa risasi na polisi, halafu yeye ndiye akafunguliwa mashtaka. Alipolalamika kwa IPOA, kesi zikaongezeka. Mtu wa boda atoe wapi pesa za wakili? Willie, aliyekuwa na shirika la International Justice Mission, akasimama naye.

Juni 23, 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, walitekwa pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri. Miili ya wote watatu ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Ilichukua miaka sita hadi maafisa watatu wa polisi na raia mmoja wapatikane na hatia, Julai 2022.

Kuna ndugu aliniuliza: Willie hakuwa Muislamu, shirika lake ni la Kikristo, mbona tumtaje hapa? Nikamjibu: sisi tunaojua uchungu wa mtu kuchukuliwa asionekane tena, tusipomheshimu aliyeuawa akimtetea mnyonge, tutamheshimu nani?

Sasa turudi nyumbani. Kijana wa Soin akishikwa, anapandishwa hadi Kericho, anasimama kizimbani peke yake. Nimekaa viti vya nyuma mahakamani nikaona mtu akikubali kosa haraka haraka, apigwe faini arudi kwa watoto. Hakuna aliyemwambia kuwa Katiba, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo akikosa wakili atadhulumiwa pakubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria nayo ilipitishwa 2016, mwaka uleule Willie alipouawa. Lakini haki isiyodaiwa hubaki kwenye karatasi.

Kwa hivyo, mwenzetu akishikwa tusikimbilie kuchanga pesa za kumtoa tu. Mmoja aende kituoni achukue namba ya OB, ahakikishe anafikishwa kortini ndani ya saa 24 au siku ya kwanza ya korti. Wengine waje wakae kortini, aone nyuso anazozijua. Na aambiwe mapema: kabla hujajibu mashtaka, mwombe hakimu wakili.

Na wale mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaotetea maskini bila malipo, tuwashukuru leo, wakiwa hai. Tusingoje kuwapost Juni.