KARIAKOO: MANENO YA LEO, PICHA ZA JUZI

Leo naomba tujadili kitu ambacho wengi tunakiona kwenye TV zetu lakini tunanyamaza tu: maneno ya habari yanakwenda huku, picha zinakwenda kule.

Mnaikumbuka Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, pale Mchikichi na Kongo. Jumapili tukaambiwa waliofariki ni 13. Jumatano tarehe 20 wakafika 20, na baadaye wakazidi 25. Kila idadi ilipobadilika, maandishi anayosoma mtangazaji yalibadilishwa. Safi. Na picha je?

Wiki ile nilikuwa nimekaa kwa mama ntilie mmoja Mtaa wa Msimbazi. TV iko juu ukutani, sauti husikii kwa sababu ya spika za wauza nguo nje. Ikaonyesha mtu anatolewa kwenye kifusi akiwa hai, watu wanashangilia. Jamaa aliyekuwa meza ya pili akaacha sahani yake, "Wamempata mwingine!", akatoka mbio. Shemeji yake alikuwa bado hajapatikana. Kumbe ile picha ilikuwa ya Jumamosi, siku ya kwanza, na mtangazaji wakati huo alikuwa anasoma idadi mpya ya marehemu. Kituo sikitaji, maana siamini kama ni ugonjwa wa kituo kimoja. Ila yule jamaa alirudi baada ya saa nzima, akakaa, hakula tena.

Kariakoo TV inatazamwa bila sauti, jamani. Kwa watu wa huku picha ndiyo habari yenyewe.

Sasa kosa linatoka wapi? Wengi watasema uzembe. Upo, sikatai. Lakini kuna jambo la kiufundi ambalo halizungumzwi.

Vyumba vingi vya habari duniani vinatumia programu kama ENPS ya shirika la AP au iNEWS ya Avid. Humo kuna randauni, yaani orodha ya habari zote za taarifa kwa mpangilio wake. Kila habari ina maandishi yake, na pembeni imefungwa na video yake. Ukiandika, kompyuta inahesabu maneno na kukisia yatasomwa kwa sekunde ngapi, ili mhariri wa picha ajue akate video ya urefu gani.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoleta kasheshe. Kwa Kiingereza makisio yaliyozoeleka ni maneno matatu kwa sekunde. Lakini Kiingereza kinahitaji maneno sita kusema "hawajaokolewa". Sisi ni neno moja! Chukua habari ya maneno 90. Kompyuta iliyowekwa kwa kipimo cha Kiingereza itasema sekunde 30. Mtangazaji wetu akisoma maneno mawili kwa sekunde, anatumia 45. Video imeisha, maneno bado yapo. Zile sekunde 15 zinajazwa na nini? Na chochote kilicho karibu: picha ya jana irudiwe, au ivutwe ya maktaba.

Na maktaba ya Kariakoo ni ya hatari, maana matukio yake yanafanana. Wafanyabiashara walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024. Mlango wa duka uliofungwa hauna tarehe, nani atajua upi ni wa mgomo upi? Soko liliungua Julai 2021. Hata nje ya Kariakoo, ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30. Kifusi ni kifusi, vumbi ni vumbi. Ukichanganya, umewapa watu tukio ambalo halipo.

Kuna mdau mmoja nilipomgusia akaniambia, "Dogo, vituo vyetu havina hela." Namheshimu, lakini hapa hela haihitajiki nyingi:

1. Kipimo cha usomaji kwenye programu kinaweza kubadilishwa, tena kwa kila mtangazaji. Mpime kwa saa akisoma Kiswahili, weka kasi yake.

2. Kila video ipewe jina lenye tarehe na saa iliyopigwa, ndipo ifungwe na maandishi. Anayebadilisha idadi ya marehemu alazimike pia kufungua video na kuitazama.

3. Neno MAKTABA pamoja na tarehe likae kwenye kioo muda wote picha ya zamani inapoonekana. Likitokea sekunde mbili na kupotea, mtu wa kwa mama ntilie halioni.

4. Picha zikiwa chache, kata maneno. Habari fupi ya kweli haijamuumiza mtu.

Na sisi wa simu tusijione wasafi. Mangapi tumerusha kwenye magrupu, maneno mapya juu ya klipu ya zamani? Kosa ni lile lile, tena sisi hatuna hata mhariri.

Yule jamaa alikimbia kwa sababu aliamini macho yake. Siku hiyo aliyemdanganya hakusema uongo hata neno moja. Idadi iliyosomwa ilikuwa sahihi kabisa.

Naomba kutoa hoja. Mliopo ndani ya vyumba vya habari, mnarekebishaje hili? Tiririkeni hapo chini kwenye maoni, matusi hapana.