Mchaka mchaka wa saa nane ukome

Muhula wa kwanza ni msimu wa riadha shuleni, na huku pwani ndio msimu wa kaskazi, ambapo hata mbuzi huacha malisho wakatafuta kivuli. Hata hivyo, ukipita kando ya viwanja vyetu saa nane mchana, utawaona wanafunzi wakizunguka juani ilhali mwalimu amesimama chini ya mwarobaini, filimbi mdomoni. Simnyooshei mtu kidole. Mwalimu huyo, kwa miaka mingi, nilikuwa mimi.

Alasiri moja mwanafunzi wangu wa mbio za mita 3,000 alianza kuyumba katika mzunguko wa tano. Nilimkemea aongeze mwendo. Alipoanguka na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, ndipo nilipotambua kwamba nilichokiita uvivu kilikuwa hatari ya mauti. Aliyemwokoa si mimi bali mpishi wa shule, aliyembeba hadi kivulini, akammwagia ndoo baada ya ndoo ya maji ya kisima huku wenzake wakimpepea kwa madaftari, hadi gari likapatikana. Daktari alituambia kwamba laiti tungalingoja gari bila kumpoza, tungalimpoteza.

Walimu wenzangu tungali na imani kwamba jua humkomaza mkimbiaji, na kwamba anayeomba maji mazoezini ni mlegevu. Sijui tuliirithi wapi. Machi 24, 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika Mombasa, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa taji la mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, alishindwa na joto lile akaacha mbio kabla ya kufika utepeni. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Ikiwa Bekele alisalimu amri, mtoto wa kidato cha pili aliyekula githeri saa saba atafanyaje?

Yafaa tuelewe kinachotendeka mwilini. Mwili hujipoza jasho linapokauka juu ya ngozi, lakini hewa ya pwani imejaa unyevu, hivyo jasho hutiririka tu bila kukauka. Wakati huo huo damu inayohitajika miguuni inahitajika pia kwenye ngozi ili kutoa joto, na moyo hauna budi kupiga kwa kasi zaidi ingawa mwendo ni ule ule. Ndiyo maana hata giza pekee halitoshi. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia kule Doha mwaka wa 2019 ilianza karibu saa sita usiku, na bado wanariadha 28 kati ya 68 hawakumaliza. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2 na dakika 32, muda wa polepole mno kwa mtu wa kiwango chake. Naye hakulaumiwa na yeyote!

Basi kwa nini sisi tuwalaumu wanafunzi kwa sababu ya saa ya kupimia? Katika majuma mawili ya kwanza ya muhula, mwili ukiwa bado unazoea joto, masafa yapunguzwe na mwendo uwe ule unaomruhusu mkimbiaji kuzungumza na mwenzake. Maji yawe uwanjani, na anayeyataka anywe bila kuomba ruhusa.

Najua walimu wakuu watauliza kuhusu ratiba. Shule za bweni zinaweza kukimbia alfajiri. Za kutwa zina ugumu wa kweli, kwani wengine hutembea mbali kurudi nyumbani. Hizo nazo zisubiri saa kumi na moja jioni, au zipunguze mazoezi siku za joto kali. Wanaopanga mashindano nao waache kuweka mita 10,000 adhuhuri ili wageni waheshimiwa wazikute.

Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu akiyumba au akijibu maswali ovyo, msingoje filimbi ya mwalimu. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee, na mtu mmoja akimbilie msaada. Akiwa hana fahamu, msimnyweshe chochote.