Nishani ya Babu na Deni la Wajukuu



Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Lubumbashi limo sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake mna vyeti vya zamani, picha zilizofifia, kadi ya ubatizo, na pengine kipande cha madini chenye utepe, ambacho watoto hukichezea pasipo kujua ni kitu gani. Juma hili napenda tuzungumze habari ya kipande hicho, nami nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Bula Matari. Jioni, akiisha kula, alizoea kutusimulia kwamba alivuka jangwa kwa lori siku nyingi, akauona mto Nili, kisha akafika Yerusalemu na kupiga magoti penye Kaburi la Bwana. Sisi wajukuu tulicheka. Tulijua kwamba Yerusalemu imo katika Biblia. Hatukudhani kwamba mzee wa kwetu, mwenye kikohozi na koti lenye viraka, aliweza kufika huko kwa miguu yake. Mmoja wetu akampa jina la dhihaka, “Babu Yerusalemu”, na jina hilo likamganda. Katika miaka yake ya mwisho hakusimulia tena. Akafa amenyamaza.

Miaka mingi baadaye tulipokuwa tukihama nyumba, nililifungua sanduku lake. Katika kitabu chake cha sala nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu yake paliandikwa jina lake, tena limekosewa herufi mbili, namba yake ya askari, na maneno ya Kifaransa, “Moyen-Orient”, yaani Mashariki ya Kati. Nishani haikuwamo. Niliketi chini, nikaona haya. Babu hakuwa mwongo. Wajinga tulikuwa sisi.

Basi, tuyatazame mambo yenyewe jinsi yalivyokuwa. Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliishika Ubelgiji, lakini Kongo ilibaki upande wa Waingereza na wenzao. Mwaka 1941 askari wa Kongo walipelekwa Uhabeshi kupigana na Waitalia. Mwezi wa Machi waliuteka Asosa, na tarehe 3 Julai, huko Saio, jenerali wa Kiitalia Pietro Gazzera alijisalimisha kwa jenerali Gilliaert pamoja na maelfu ya askari wake. Mwaka 1942 kikosi kingine kilitumwa Nijeria, kwa kuwa makoloni ya Wafaransa ya jirani yalikuwa yamefuata serikali ya Vichy. Kisha, mwaka 1943, kikosi hicho kilipelekwa Misri na Palestina, na baadhi ya askari wake walivuka jangwa kwa malori. Ndiyo safari ya babu yangu. Tena ilikuwako hospitali ya kijeshi ya Wakongo iliyowahudumia majeruhi Madagaska, na baadaye katika misitu ya Burma, mbali sana na kwao.

Mwaka 1947 Ubelgiji iliweka nishani ya Afrika ya vita ya 1940–1945 kwa ajili ya askari hao. Aliyetumika katika safari ya ng’ambo aliweza kutiwa juu ya utepe kipande kidogo chenye jina la mahali, kama Abyssinie, Moyen-Orient au Birmanie. Mwaka uo huo iliwekwa nishani nyingine kwa raia waliosaidia vita kwa kazi zao. Msidhani hili ni jambo dogo kwetu Katanga, kwa maana shaba yetu ilikwenda vitani, na urani wa Shinkolobwe ulikwenda Marekani.

Lakini ukweli una pande mbili, na Mkristo haruhusiwi kuchagua upande mmoja tu. Jeshi lile lile lililoshinda Saio ndilo lililowapiga risasi wafanyakazi wa shaba waliogoma mjini humu, mwezi wa Desemba 1941, nao wengi wakafa. Tena mpaka siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na Mkongo hata mmoja aliyepewa cheo cha afisa katika jeshi hilo. Basi tukitafuta nishani za babu zetu, tusiitafute sifa ya Bula Matari. Twatafuta jina la mtu aliyetumwa mbali, akavumilia, akarudi, na kisha akasahauliwa na bwana wake na hata na wajukuu wake.

Wengi huniuliza: tuanzie wapi? Nitasema yale niliyojifunza mwenyewe.

Kwanza, anzeni nyumbani. Tafuteni namba ya askari, ile iitwayo matrikuli, kwa maana makarani waliandika majina kwa masikio ya Kizungu, na mtu mmoja aweza kuwa na majina matatu katika vitabu vitatu. Andikeni namna zote za jina lake, kijiji chake, chifu wake, na mwaka alioingia jeshini. Waulizeni shangazi na bibi leo, msingoje kesho. Mzee akifa, karatasi haiwezi kuulizwa swali la pili.

Pili, nendeni parokiani. Padri na katekista wanatunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na humo askari wengi walibatiza watoto wao. Mimi nilikuta ubatizo wa shangazi yangu mkubwa, na jina la baba wa ubatizo, naye askari. Nikaitafuta jamaa yake, nikaikuta Katuba. Nao walikuwa na picha: vijana sita mbele ya hema, na wa pili kutoka kushoto ni babu yangu. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu ya risasi, “Palestina”.

Tatu, andikeni barua. Karatasi nyingi za serikali ya koloni, pamoja na za Force Publique, zilipelekwa Ubelgiji, nazo sasa zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Bruxelles. Andikeni kwa adabu na kwa ufupi, mkitaja jina, namba na kikosi. Msitegemee kwamba kila jina litapatikana. Walakini barua isiyoandikwa haina jibu kamwe.

Nne, jihadharini na madalali. Wako watu wanaozunguka katika mitaa wakisema, “Nipe dola hamsini, nitakuletea pensheni ya babu yako.” Nishani ya ukumbusho si pensheni wala si hundi ya benki. Najua jamaa moja iliyouza cherehani ya mama kwa ajili ya ahadi ya namna hiyo, na mpaka leo haikupata nishani wala cherehani. Tena msigombane ndugu kwa ndugu juu ya nani atakayeitunza. Heri ikae kwa yule atakayewafundisha watoto habari zake.

Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kongo, naye huko Kinshasa alimvika nishani koplo Albert Kunyuku, aliyepigana Burma, mzee wa miaka kama mia moja. Nilipoitazama picha yake nilifurahi, kisha nikahuzunika. Yeye aliishi hata kuonekana. Wenzake wangapi walilala makaburini pasipo mtu kuwaambia asante?

Amri ya nne yatuagiza tuwaheshimu baba na mama, wala haisemi kwamba heshima hiyo yakoma kaburini. Nishani ya babu yangu sijaipata bado. Barua yangu ingali inangoja jibu. Lakini mwezi wa Novemba uliopita niliomba Misa kwa ajili yake, na baada ya Misa niliwakusanya watoto na wajukuu wote uani. Niliwaonyesha picha ile na karatasi ile, nikawasimulia safari ya jangwani kama yeye alivyotusimulia sisi. Mjukuu mmoja mdogo akauliza, “Kweli aliiona Yerusalemu?” Nikamjibu, “Kweli aliiona.” Safari hii hakuna aliyecheka.